Mguu wa Mama Mwenye Nyumba

Enzi zetu, mtu aliyekuwa anajenga nyumba aliificha kama mwanamke anavyoficha mimba changa. Hukumwambia jirani, hukumwambia shemeji, na kama ingewezekana usingemwambia hata fundi. Ulisubiri mpaka bati la mwisho lipigiliwe msumari ndipo watu wajue, tena uliwaambia kwa sauti ya chini, utadhani nyumba yenyewe umeiokota njiani. Siku hizi kijana akinunua lori moja la mchanga, kabla dereva hajamaliza kushusha, picha imeshafika kwenye simu za ukoo mzima. Amesimama juu ya lundo, miwani ya jua usoni, mikono kiunoni, na chini kaandika "Mungu ni mwema". Mchanga wenyewe utakaa pale mpaka uote majani na mbuzi wa jirani wapande juu yake, lakini pongezi si ameshazipokea?

Basi nyie wa rika langu, mliokulia vyumba vya kupanga, sogeeni tukumbushane. Hawa vijana waacheni na simu zao.

Sisi tulikaa Mirongo, pale Mwanza mjini, kwa Bi Zuhura. Ilikuwa nyumba ndefu yenye ukumbi katikati, vyumba vinatazamana huku na huku, kila chumba na familia yake, na nyuma kulikuwa na ua mmoja, bomba moja, choo kimoja na mpera mmoja ambao mapera yake mwenye nyumba aliyajua moja moja yangali mabichi. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia la maua. Upande wa dirisha walilala baba na mama, upande wa mlango tulilala watoto. Mimi Kabula, kwa kuwa ndiye wa kwanza, nilipewa heshima ya mkeka wa karibu na kabati. Wadogo zangu wawili walilala chini ya meza. Masalu, kitinda mimba wetu, alilala popote usingizi ulipomkuta, na mara nyingi ulimkuta ndani ya karai la kufulia. Akija mgeni kutoka kijijini, na walikuja hasa, pazia lilisogezwa na sisi tukapangwa kama dagaa wa kuanikwa, kichwa huku miguu kule.

Lakini raha tulizipata, jamani! Jioni majiko ya mkaa yaliwashwa uani yote kwa pamoja. Chumba cha mbele walikaanga sato, chumba cha pili waliunga maharage kwa nazi iliyotoka mbali, na sisi tulivuta harufu zote hizo huku tukila ugali wa muhogo na mchuzi wa furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Furu! Siku hizi ukimtajia mtoto jina hilo anadhani ni ugonjwa. Baada ya kula tulicheza rede kwa mpira wa soksi, na kombolela mpaka mtu aite jina lako kwa ile sauti ambayo ukiisikia mara ya pili unajua fimbo imeshakatwa. Asubuhi tulikwenda shule kwa miguu, michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, imejaa mfukoni, ufagio wa chelewa mkononi, na tulipofika mwalimu alikagua kucha kwanza kabla ya kukagua akili.

Bi Zuhura mwenyewe alikuwa mtu wa mjini kwelikweli. Babu yake alikuja na biashara kutoka Tabora, bibi yake alikuwa Mkerewe, na yeye alizaliwa palepale ndani ya nyumba ile. Kutwa alikaa mlango wa mbele kwenye kiti cha kamba, kanga mbili, upepeo mkononi, na hakuna kilichoingia wala kutoka bila yeye kukijua. Ukipita na kikapu alijua umebeba nini kwa jinsi bega lilivyolegea. Swichi kubwa ya umeme ilikuwa chumbani kwake, na akikasirishwa na mtu mmoja, nyumba nzima tulilala gizani. Kufagia ua kulikuwa na zamu. Kukaanga samaki siku ya kanga zake kuanikwa ilikuwa marufuku. Na juu ya sheria zote kulikuwa na hii moja, ambayo hakuiandika popote lakini kila mpangaji aliijua: mpangaji akianza kujenga, anahama.

Sababu yake aliitoa mwenyewe, bila kuona haya. "Mpangaji akishapata msingi wake, haniogopi tena. Hafagii, hasalimii, anafunga mlango kwa kishindo. Simtaki."

Na haikuwa maneno matupu. Palikuwa na fundi cherehani chumba cha nne, mtu wa watu, mcheshi, siku moja kalewa kidogo akasimama uani akatangaza kwamba yeye sasa ana kiwanja Igoma na kuta zimefika kwenye madirisha. Mwezi haukuisha. Alihamia kwenye zile kuta na mkewe na watoto, juu wametandaza turubai, na masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma. Tulikwenda kuwaona. Mkewe alikuwa anapika amevaa mwavuli, namaanisha ameufunga kichwani kwa kamba ili mikono ipate kufanya kazi. Sisi watoto tulicheka tukaumia mbavu. Mama hakucheka. Alijua jambo ambalo sisi hatukulijua bado: baba naye alikuwa amepata kiwanja.

Kilikuwa Buswelu. Si Buswelu hii ya lami na baa kila kona, hapana. Buswelu ile ilikuwa mihogo, mawe, ng'ombe, na fisi waliokuja kuulizia habari jioni. Baba alifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo kule Nyakato, na siku moja baada ya zamu aliendesha baiskeli mpaka kwa Mzee Ng'wandu, Msukuma mwenzake mwenye shamba, akakatiwa kipande. Mzee alikipima kwa miguu yake huku akisimulia habari za ng'ombe wake, na mipaka ikawa jiwe kubwa upande huu, mti wa mnyaa upande ule. Baba alirudi nyumbani akamwambia mama nyuma ya pazia, na mimi wa karibu na kabati nikasikia. Mama alilia. Nilidhani amepigwa. Kumbe alikuwa na furaha.

Mama yangu hakuwa na tamaa ya ghorofa. Alitaka kukaanga samaki wake siku anayotaka, na kumkemea mtoto wake bila vyumba vingine kuchangia maoni. Basi. Lakini tuliambiwa wazi, watoto wote tumepangwa mstari: Bi Zuhura akijua kabla paa halijakaa, tutaishia kwenye turubai kama fundi cherehani. Mama alitunyooshea kidole mmoja mmoja. "Mdomo wako ndio utakaotulaza nje." Mpaka leo nikiona turubai mahali, nafunga mdomo.

Sasa ujenzi wenyewe utaufichaje? Siku za kazi baba alipitia kule peke yake na baiskeli. Ila Jumapili tulihitajika wote. Matofali yalitaka maji, na maji yalikuwa kisimani mbali. Na kokoto! Mwanza mawe hatununui, tumezaliwa tukayakuta, lakini kuyageuza kokoto ni kazi ya nyundo na mikono. Mama, mimi na wadogo zangu tulikaa chini tukagonga mawe tangu asubuhi mpaka jua linalegea. Familia nzima kutoka Jumapili asubuhi na kurudi jioni weupe kwa vumbi kama waliomwagiwa unga, utamwambia nini mama mwenye nyumba aliyekaa mlangoni?

Mama ndiye aliyelipata jibu, na alilipata papo hapo, Jumapili ya kwanza, tulipomkuta Bi Zuhura ametukodolea macho.

"Mmetoka wapi nyie?"

"Maombini, mama. Tumeanza kwenda maombi ya mlimani."

"Mbona magoti yana vumbi hivyo?"

"Tunapiga magoti. Mlimani hakuna mikeka."

Akamshika mama mkono, akaugeuza, akatazama malengelenge. "Na haya?"

"Makofi," mama akasema. "Tunaimba sana."

Baba alikuwa Mkristo wa Krismasi na misiba. Alipolisikia neno maombi alikohoa mpaka akalazimika kushika ukuta. Bi Zuhura alimtazama, akamtazama tena, kisha akasema kwamba kwa kweli huyu ndiye aliyekuwa anahitaji kuombewa zaidi, na tukaruhusiwa kupita.

Basi likawa ndilo neno. Kila Jumapili tulivaa nguo safi, mama kajifunga kitambaa cheupe, baba kabeba Biblia ya bibi yetu, na nyundo ziko chini ya kapu zimefunikwa michembe. Masalu tulimfundisha kwamba kule kunaitwa kanisani. Mtoto yule alikuwa na mdomo, lakini aliuheshimu uongo kuliko sisi wote. Siku moja Bi Zuhura alimkamata uani, akampa pera, akamuuliza kanisa lenu linafananaje. Masalu akamjibu huku anatafuna, "Kanisa letu litakuwa na jiko. Na mimi nitalala chumba cha huku."

"Kanisa lina jiko?" Bi Zuhura akamgeukia mama.

"La kupikia wageni," mama akajibu, akamvuta Masalu ndani akamalizie pera lake huko.

Ikaja siku Bi Zuhura akamwita mama mlangoni kwa sauti ya upole, na ile sauti ya upole ilitutisha kuliko za ukali. Akafunua kanga kidogo. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama papai. Akasema ametumia dawa za hospitali, ametumia za mitishamba, amesomewa dua na shehe wake, na goti liko vilevile. "Mungu ni mmoja, Mama Kabula. Huko mlimani kwenu niombeeni na mimi mguu wangu."

Unafanyaje hapo? Mama akaitikia. Lakini mama yangu kudanganya kwa ajili ya watoto wake aliweza, kudanganya kuhusu kumwombea mgonjwa hakuweza. Jumapili ile tulipofika kiwanjani hakuna aliyeruhusiwa kugusa ndoo. Tulisimama kwenye msingi, pale ambapo baadaye pakawa sebuleni, tukafumba macho, mama akauombea mguu wa Bi Zuhura kwa dhati kabisa, akautaja kwa jina lake, wa kulia. Ndipo tukachota maji. Ikawa desturi. Hakuna nyundo iliyoinuliwa kabla ya mguu.

Baba naye akaona nafasi yake. Tatizo letu kubwa lilikuwa jioni, wakati wa kurudi, maana vumbi la saruji si vumbi la magoti, na Bi Zuhura hakuwa mjinga. Baba akamwendea na uso mzito. Akamwambia maombi yale yana masharti: kila siku jua likianza kulegea, mgonjwa anyanyuke kitini, atembee taratibu mpaka kwenye daraja la mtaani na kurudi, asiongee na mtu, asitazame nyuma. Jumapili hasa ndiyo asikose.

Watu wa enzi zile ukiwaambia maombi bila masharti hawakuamini, lakini ukiwapa sharti gumu walijua hapa pana jambo. Bi Zuhura alilishika sharti lile kuliko sisi tulivyoshika shule. Jua likilegea alijinyanyua, huyo, fimbo mkononi, anachechemea kwenda darajani, midomo kaibana. Waliomsalimia njiani walidhani amenuna. Na sisi Jumapili tulijificha kwenye kichochoro, tukimwona mgongo tunaingia mbio, tunaoga, tunabadilisha nguo, na akirudi anatukuta tumekaa kama malaika.

Wala hatukujua tunafanya nini. Mtu aliyekaa kwenye kiti kutwa nzima miaka nenda miaka rudi, sasa anatembea kila siku. Goti likaanza kunywea. Akaacha kuchechemea. Akaacha fimbo. Siku moja tulimwona amepanda juu ya kiti kuchuma pera mwenyewe, na nyumba nzima ikatoka vyumbani kushangaa. Kina mama wengine wakaanza kumwendea mama mmoja mmoja, huyu mgongo, huyu mume, huyu mtoto hafaulu hesabu, wote wanataka mlimani. Mama akawa analala hana raha, kuta zimeshafika kwenye linta, paa bado.

Halafu Bi Zuhura akatoa tamko lake. Jumapili hii na yeye anakwenda. Anataka kukanyaga pale mguu wake ulipoombewa, ashukuru.

Baba alijaribu yote. Mbali, mama. Atapanda baiskeli. Jua kali. Atachukua mwavuli. Kuna fisi. "Fisi mchana?" akauliza, na baba akaenda kujaza baiskeli upepo.

Picha ile sitaisahau mpaka naingia kaburini. Baba mbele anakanyaga baiskeli, jasho linamtoka hata penye mteremko, nyuma kwenye keria amekaa mama mwenye nyumba upande, mwavuli umefunguliwa, kanga zinapepea, na sisi tunafuata kwa miguu kama msafara wa harusi. Kwenye vilima alikataa kushuka. Alisema mguu ni mzima ila hataki kuuzoesha vibaya. Mpango wa baba ulikuwa tusifike kiwanjani kabisa. Tutaishia kwenye kilima cha mawe kabla ya kwetu, tuombe haraka, turudi.

Tukapanda mawe. Bi Zuhura akavua viatu kwa heshima. Kilikuwa kilima kizuri, ziwa unaliona kule mbali, ila ubaya wake, na kuta zetu ulikuwa unaziona palepale chini. Baba akasema atasali yeye. Hatukuwahi kumsikia baba akisali. Aliomba kwa ajili ya mguu, akaombea ng'ombe, mvua, kiwanda, wagonjwa wa wilaya zote, kwa sababu aliogopa kusema amina tukafumbua macho. Na tungeweza kuwa pale hadi leo, kama Mzee Ng'wandu asingetokea chini na fimbo yake ya kuchungia.

"Baba Kabula!" akapaza sauti. "Leo matofali yako hayanywi maji? Halafu njoo, ng'ombe wangu mmoja amelala sebuleni kwako, hataki kutoka!"

Hakuna aliyesema amina.

Bi Zuhura akafumbua macho taratibu. "Sebuleni kwa nani?"

Alishuka kilima mwenyewe, bila kushikwa mkono, na ule mguu uliopona. Akaingia ndani ya kuta zetu, akamtimua ng'ombe kwa mwavuli, kisha akazunguka chumba hadi chumba. Sisi tulibaki nje, mama kamshika Masalu kama anayetaka kunyang'anywa. Tulimsikia humo ndani akijisemea. Madirisha madogo. Jiko mmelipeleka kwenye upepo, moshi wote utaingia vyumbani. Mlango huu kitanda kitapitaje? Akatoka, akasimama mbele ya mama. Hakuuliza mlinidanganya kwa nini. Aliuliza hivi:

"Mguu wangu mliuombea kweli, au na huo ulikuwa uongo?"

Mama machozi yakamtoka. "Wallahi, mama," akasema yeye, Mkristo. "Kila Jumapili. Pale uliposimama na ng'ombe. Kabla ya ndoo ya kwanza."

Bi Zuhura akamtazama Masalu, kwa kuwa mtoto ndiye asiyejua kupamba. Masalu akaitikia kwa kichwa, akalalamika, "Tena mama anaomba mrefu."

Bi Zuhura akapanda keria. Kurudi kule kulikuwa msiba. Alipofika akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na sisi hatukula, mama akaanza kukunja nguo na kuzipanga kwenye sanduku moja moja, bila sauti. Nilikaa namtazama na nilichokiona kichwani ni ule mwavuli uliofungwa kwa kamba.

Asubuhi Bi Zuhura akamwita mama kwenye kiti chake. Tulijibanza nyuma ya mlango.

"Yule fundi cherehani nilimfukuza kwa sababu alinitangazia uani, kidomo juu," akasema. "Nyie mmenificha, mmejipaka vumbi, mmetunga mpaka kanisa. Maana yake mnaniogopa. Mpangaji anayeniogopa nimfukuze kwa kosa gani?"

Akajipepea mara mbili, akaendelea.

"Mtahama mkishaezeka, si kabla. Lile jiko mlihamishe. Na Jumapili msikose kuomba, maana sasa naona na huu wa kushoto umeanza."

Mama alirudi chumbani akakaa juu ya sanduku akacheka mpaka akalia, na sisi tukacheka na kulia bila kujua kwa nini.

Kuanzia hapo Bi Zuhura akawa nasi. Jumapili alipanda keria, akafika, akakaa kwenye kivuli cha ukuta na kuwagombeza mafundi. Kwa wapangaji wengine alituficha kuliko tulivyojificha wenyewe. Aliwaambia anakwenda mlimani. Mpaka shehe wa mtaa akaja kumuuliza kwa adabu kama habari anazozisikia ni za kweli, naye akamjibu kwamba anafanya mazoezi ya mguu, na hilo kwa kweli halikuwa uongo. Jiko tulilihamisha. Tulihamia Buswelu bati likiwa bado jipya, linang'aa hadi ng'ombe wa Mzee Ng'wandu wanashtuka, na siku ile ya kwanza mama alikaanga sato asubuhi, mchana na jioni.

Miaka ikapita, Bi Zuhura akazeeka, na wanawe wakaona nyumba ya kizamani katikati ya mji ni hasara. Wakaiuza. Leo pale pana ghorofa la vioo, mpera haupo, na ukisimama mlangoni anayekuuliza unakwenda wapi ni mlinzi ambaye hata yeye hajui waliomo. Wanawe walitaka kumchukua Dar. Akakataa. Akaja Buswelu na kitanda chake na kile kiti cha kamba, akasimama mlangoni kwetu. "Nimekuja kupanga."

Baba akasema huwezi kulipa kodi kwangu. Bi Zuhura akasema basi sikai, maana asiyelipa kodi hana kauli ndani ya nyumba, na yeye bila kauli atakufa. Ikabidi ipokelewe. Alikaa chumba cha nyuma, akalalamikia moshi wa lile jiko ambalo yeye mwenyewe alituhamishia, na alisusa kabisa siku mama aliposahau kumpangia zamu ya kufagia. Jioni alitembea mpaka kwenye lile jiwe la mpakani na kurudi, midomo kaibana. Alifia mikononi mwa mama. Tulimlilia kama bibi yetu, kwa sababu alikuwa bibi yetu.

Nyumba ile ndiyo ninayokaa mpaka sasa. Na watoto wetu? Wanapanga. Wanapanga mpaka mvi zinawatoka. Hawasemi tena chumba, wanasema masta. Dalali anawatembeza, anachukua chake, kodi wanailipa kwa simu kwa mwenye nyumba ambaye hawajawahi kumwona sura, na akiumwa goti hawatajua. Mwanangu Lameck ameshahama nyumba mara nyingi hadi nimeacha kukariri mitaa. Nikimuuliza kiwanja, ananiambia, "Mama, kupanga ni uhuru." Uhuru gani huo wa kuomba ruhusa ya kupigilia msumari wa kalenda? Lakini nikikaa peke yangu nakiri, si kosa lao lote. Siku zile mtu wa kiwandani kwa kokoto na Jumapili alimaliza nyumba. Leo viwanja vimekimbilia huko ambako hata fisi wetu hawakufika, na kina Mzee Ng'wandu wa kukukatia kipande huku wanapiga hadithi wamekwisha. Nilikuwa naumia, nisiwafiche. Nilikuwa nahofia nitakufa mwanangu hana hata mahali pa kuning'iniza kofia.

Hivi karibuni Lameck akaacha kuja kula kwangu Jumapili. Nikanuna. Siku moja ya katikati ya wiki alipita, nikaona viganja vimechubuka. Nini? Jimu, mama. Sawa, jimu. Mkewe naye, binti wa kucha ndefu za rangi, siku hiyo kucha zimekatwa zote. Naye jimu?

Jumapili iliyopita akanipigia.

"Shikamoo, mama. Leo hatuji. Mimi na mwenzangu tumeanza kwenda maombi ya mlimani."

Huyu mtoto mara ya mwisho kuingia kanisani ni siku aliyofunga ndoa. Nilifungua mdomo nimuulize, mlima gani, upande gani, umefika wapi, madirisha umeyapimaje, jiko usilipeleke kwenye upepo. Nikaufunga. Nyuma ya sauti yake, kwa mbali, nilisikia nyundo inagonga jiwe.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Basi mniombee na mimi mguu wangu."

Nilijua anacheka, na nilijua vilevile hacheki tu.

"Tutauombea kwanza, mama," akasema. "Ila masharti unayajua."

Jua lilipoanza kulegea nikavaa kandambili, nikafunga mlango wangu, nikatembea taratibu mpaka kwenye lile jiwe na kurudi. Sikuongea na mtu, wala sikutazama nyuma.